Kupunguza mwili ukiwa Lamu: anza na kikombe cha chai, Shela utafika

Mtu mwenye kilo ishirini za kupunguza akiacha wali, nazi, mahamri, sukari na mafuta vyote Jumamosi moja, mara nyingi haioni Ijumaa. Nia anayo. Tatizo ni kwamba jikoni kwetu vitu hivyo ndivyo chakula chenyewe, na ukivitoa kwa mkupuo kinachobaki ni samaki wa chukuchuku na maji. Siku ya nne njaa inakuwa bwana, mahamri manne ya kawaida yanakuwa sita, na mtu anajilaumu kwa kosa la mpango.

Mpango unaodumu hushughulika na kinacholiwa kila siku na kukiacha cha siku mojamoja kipite. Biriani ya harusi unaila mara mbili tatu kwa mwezi. Chai unainywa mara tano kwa siku, na hakuna anayeihesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori 7,700 hivi. Ukila pungufu ya mahitaji yako kwa kalori 250 kila siku, kwa wiki ni 1,750, sawa na karibu robo kilo. Robo kilo ni kichekesho mpaka uijumlishe kwa mwaka: inakaribia kilo kumi na mbili. Kwa kweli hupungua kidogo, kwa kuwa mwili mwepesi unatumia nishati ndogo kuliko mwili mzito, lakini hata kilo nane ambazo hazirudi ni bora kuliko kumi na tano zilizotoka kwa miezi miwili zikarudi kwa mitatu.

Lengo la kwanza liwe asilimia 5 ya uzito wa sasa. Mwenye kilo 90 anatafuta kilo 4.5, basi. Kwa wengi kiasi hicho tayari kinasaidia presha na sukari ya damu kushuka, hata kama nguo bado ni zilezile. Jipe miezi minne au mitano.

Wiki ya kwanza: pima, usipunguze kitu

Nenda kwanza ukapimwe presha na sukari, iwe Hospitali ya King Fahd au zahanati iliyo karibu nawe. Anayetumia insulini au vidonge vya kuteremsha sukari asiguse kiasi cha chakula kabla ya kuzungumza na daktari: chakula kikipungua na dawa ikabaki ileile, sukari inaweza kuanguka, ukaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuona kizunguzungu. Mwenye dawa za presha naye amwambie daktari kwamba anaanza, maana kipimo cha dawa huenda kikahitaji kubadilishwa uzito ukishuka. Mjamzito na anayenyonyesha mtoto mchanga wangoje ushauri wa kliniki yao.

Mizani uweke juu ya sakafu tupu. Juu ya busati au mkeka unadanganya, na unadanganya tofauti kila siku. Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi ukishatoka chooni na kabla ya kula. Ijumaa inafaa kwa kuwa haisahauliki. Kupima kila siku huwatia watu wazimu bure: uzito hupanda na kushuka kilo moja hata mbili kwa sababu ya maji, chumvi na choo, bila ya gramu moja ya mafuta kuongezeka.

Usipokuwa na mizani, kamba inatosha, na kwa mambo mengine inasema kweli zaidi. Kata kamba isiyovutika ya urefu wako kamili, kutoka kisigino hadi utosi. Ikunje katikati iwe nusu. Sasa uzungushe huo mkunjo kiunoni, katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi na bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, kiuno chako kiko chini ya nusu ya urefu wako, na hapo ndipo panapotakiwa. Zisipokutana, pima pengo kwa rula, liandike, na uitundike kamba mahali utakapoiona. Pengo hilo litarudiwa kupimwa kila mwezi.

Kisha chukua daftari na uandike mambo manne tu kwa siku saba: vikombe vya chai na vijiko vya sukari, vitafunio vya kukaanga, mafuta na nazi za jikoni, na dakika ulizotembea. Usiandike kila tonge. Anayeandika kila tonge huchoka siku ya tatu.

Mafuta yana njia rahisi ya kupimwa. Siku ya kufungua dumu la lita 3, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Tuseme nyumba ya watu watano inalimaliza kwa siku 10. Hapo ni mililita 300 kwa siku, 60 kwa kila mtu, yaani vijiko vinne vya mezani, karibu kalori 490 kwa kichwa kabla ya wali wenyewe. Dumu hilohilo likienda siku 15, kila mtu amepunguza mililita 20, kama kalori 160, na hakuna aliyenyimwa kitu mezani. Waliojaribu kuzungumzia mafuta na wapishi wa nyumbani wanajua maneno hayaendi mbali. Tarehe iliyoandikwa kwenye dumu huenda.

Chai, na mahamri yake

Kijiko kidogo cha sukari kilichosawazishwa ni gramu 4, kalori 16. Kilichopandiana kama kichuguu kinaweza kufika gramu 6 au 7. Vikombe vitano vya vijiko vitatu vilivyosawazishwa ni gramu 60, kalori 240. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nishati ya siku, na ingefaa zaidi iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Chai peke yake imeshapita hapo mara mbili, na kaimati bado hazijafika.

Punguza nusu kijiko kwa kila kikombe, kaa hapo siku kumi, kisha nusu nyingine. Kutoka vijiko vitatu hadi kimoja ni hatua nne, siku arubaini. Ulimi huzoea, ukifika mwisho, chai ya zamani utaiona kama sharubati. Ukiruka moja kwa moja kutoka vitatu hadi sifuri, chai inakuwa adhabu, na adhabu haidumu.

Kikwazo kikubwa ni chai inayotiwa sukari birikani. Hapo kijiko chako hakina kauli. Ama sukari iwekwe kando kwenye bakuli lake kila mtu ajitilie, ama anayepika apunguze kwa nyumba nzima kidogo kidogo bila kutangaza. La pili hufanikiwa zaidi kuliko watu wanavyodhani. Utamu ukishuka, harufu ipande: ponda iliki mbili tatu na kipande cha tangawizi, au tia mchaichai. Kahawa chungu haina neno. Tazama kilicho pembeni yake. Tende mbili ndogo zinavumilika. Kibakuli cha halwa ni mlo.

Asali si njia ya kukwepa. Kijiko cha mezani cha asali kina kalori zaidi ya 60, na maji ya ndimu hayayeyushi mafuta ya mwili hata yakinywewa alfajiri.

Sasa mahamri. Chukua kilo moja ya unga wa ngano, kalori 3,600 hivi, na robo kilo ya sukari, 1,000. Ukikata arubaini, kila moja limeshabeba kalori 115 kabla ya tui na kabla ya karai. Likitoka karaini limepita 150. Manne ya asubuhi ni 600 na zaidi. Usiyaache. Kula matatu, na ile nafasi ya la nne uijaze kwa mbaazi: zina protini na nyuzinyuzi, zinakaa tumboni mpaka adhuhuri. Baada ya mwezi, angalia kama mawili yanatosha.

Yanayokaangwa nyumbani yanaweza pia kunywa mafuta kidogo zaidi au kidogo pungufu kutegemea moto. Jaribu kwa kipande cha unga: kikizama na kukaa chini, mafuta bado ni baridi na kila hamri litayanyonya, kikipanda mara moja huku kikitoa povu, tia. Usijaze karai, maana kila hamri unaloongeza linapooza mafuta. Ukiyatoa, yasimamishe kwa ubavu kwenye chujio, yasilaliane. Halafu, na hili ndilo wengi wanalolisahau, toa idadi utakayokula na yaliyobaki yafunike kwa kawa jikoni. Sahani ikiwa mkekani mbele yako, mkono utakwenda wenyewe wakati wa mazungumzo.

Tui liingie chungu kimoja

Nyama ya nazi moja ya wastani, gramu 400 hivi, ina kalori 1,400 na sehemu kubwa yake ni mafuta. Kukuna nazi mbili kwa mlo wa watu watano si jambo la ajabu Lamu: moja ya wali, moja ya mchuzi. Mafuta mengi hutoka kwenye mkamuo wa kwanza, ile kasimele nzito. Tui la pili na la tatu ni jepesi zaidi ingawa ladha bado imo.

Kanuni ya kuanzia: nazi iingie chungu kimoja kwa mlo. Wali ukiwa wa nazi, samaki awe wa kuchoma kwa ndimu, chumvi na pilipili, au mchuzi wa nyanya na ukwaju. Siku ya samaki wa kupaka, wali uwe mweupe. Mbaazi za asubuhi zipikwe kwa tui la pili, na kasimele ya kumalizia iwe vijiko vitatu vya mezani juu, pale inapoonekana na kuonjeka, badala ya kikombe kizima kilichopotea ndani ya chungu. Kama unakuna mwenyewe kwenye mbuzi, nusu nazi kwa kilo ya mchele, ikikamuliwa vizuri kwenye kifumbu mara tatu, inatoa wali ambao wageni hawataulizia. Robo inaulizwa.

Tui la paketi lina shida yake: halina mikamuo. Ni zito lote, kwa hiyo lizimue kwa maji kiasi sawa.

Wali wenyewe upakue kwa upawa mmoja uleule kila siku ili ujue unachokula. Kikombe cha wali mweupe uliopikwa ni kama kalori 200. Aliyezoea pawa tatu apunguze nusu upawa na kuongeza mchicha, matembele au bamia mahali pake. Samaki awe na ukubwa wa kiganja bila vidole. Usimpunguze samaki, anayebana samaki ndiye anayerudi jikoni saa kumi kutafuta bajia.

Sinia

Kwenye sinia hakuna upawa wala kipimo, na kuna adabu. Kwenye shughuli ya watu wanne kwa sinia moja, anayetoa mkono mapema husukumiwa pande la nyama na kuambiwa "ongeza, hujala". Dawa yake ni mwendo. Chelewa kidogo kuanza, tengeneza matonge madogo, kula kachumbari na achari ya upande wako mwanzo, na mkono wako ubaki siniani kama wa wenzako mpaka wanapokaribia kumaliza. Hakuna anayehesabu matonge ya mwenzake; watu huona mkono uliokaa bure. Ukiulizwa, "alhamdulillahi, nimeshiba" yasemwe mara moja bila maelezo. Ukianza kueleza mambo ya kupunguza mwili hapo, utapewa ushauri na kipande cha pili.

Nyumbani, omba sahani yako peke yako kwa miezi miwili ya mwanzo. Ukishajua macho yako yanavyopima, rudi siniani.

Kutembea: geuka kwa saa, si kwa mahali

Mji usio na magari kwenye vichochoro ni neema ambayo wengi hawaitumii. Lakini asiyetembea kwa miaka asianze kwa kijiji cha Shela. Ni kilomita 3 hivi kutoka mjini, dakika 40 hadi 45 kwa mwendo wa kawaida, na anayefika huko siku ya kwanza hurudi kwa boti, goti limevimba, na hatoki tena wiki mbili.

Wiki ya kwanza na ya pili tembea dakika 10, mara mbili kwa siku, kwenye njia tambarare ya mbele ya bahari. Dakika tano kwenda, tano kurudi. Geuka saa inapofika hata kama unajisikia vizuri. Dakika tano za kurudi ndizo wanazozisahau wenye hamu. Baada ya hapo, kila wiki ongeza dakika tano kwenye tembezi moja tu la siku. Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza na mwenzako lakini usiweze kuimba kaswida. Ukiweza kuimba, kaza; usipoweza kuzungumza, punguza. Maumivu ya kifua, pumzi kukatika au kizunguzungu: simama, kaa, na umwone daktari kabla ya kutoka tena.

Shabaha ni angalau dakika 150 kwa wiki, mfano nusu saa kwa siku tano. Tembezi lako refu likifika dakika 40, karibu wiki ya nane au ya kumi, nenda Shela kwa miguu na urudi kwa boti bila haya.

Usitegemee miguu ilipe deni la mdomo. Kilomita 3 kwa mtu wa kilo 90 hutumia kiasi cha kalori 150 hadi 200, hamri moja hivi. Kutembea kunasaidia zaidi kulinda misuli na moyo, kutuliza sukari baada ya chakula, na kuzuia uzito usirudi.

Saa nzuri ni baada ya sala ya alfajiri au baina ya alasiri na magharibi. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, jua la saa nne tayari ni kali. Maji yakijaa sana, hasa siku za bamvua, vipande vya njia ya ufuoni kuelekea Shela hulowa. Kumbuka kujaa kunachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa iliyokufaa Jumatatu haitakufaa Jumamosi. Vaa raba zenye soli, si ndara. Mchanga mlaini unachosha shavu la mguu na kusumbua magoti mazito, uache mpaka mwezi wa tatu. Mwenye kisukari asitembee pekupeku ufuoni, na akirudi aangalie baina ya vidole.

Asiyependa kutembea mbele za watu ana kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba, na ngazi zake. Ana baraza pia: kaa, inuka bila kushika chochote, mara nane, pumzika dakika mbili, rudia. Fanya siku tatu kwa wiki. Zoezi hilo la dakika tano hulinda misuli ya mapaja, ambayo mwili huila pamoja na mafuta unapopungua. Ukishindwa kuinuka bila mikono, weka mto mgumu ukalie juu zaidi, uutoe baada ya wiki chache. Ngazi za nyumba za mawe ni ndefu na nyembamba, panda ukigusa ukuta, na kama goti linauma wakati wa kushuka, usizifanye zoezi.

Yanayoharibu

Uzito kusimama. Hutokea kwa kila mtu. Usihukumu chini ya wiki tatu. Achari, papa mkavu na chumvi nyingi hushika maji, na kwa wanawake siku za hedhi hufanya hivyohivyo. Zikipita wiki tatu na kamba nayo haijasogea, rudi kwenye daftari kwa siku saba. Mara nyingi kosa ni lilelile: kijiko kilichosawazishwa kimeanza kupandiana tena, au dumu limerudi siku 11.

Sharubati. Glasi kubwa ya embe yenye sukari inaweza kubeba kuliko mlo wa asubuhi, na haishibishi. Soda ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 hivi. Embe lenyewe kula.

Sanamaki na "chai za kupunguza tumbo". Zinaendesha tumbo. Mizani inashuka kilo kwa siku mbili, kisha maji yakinywewa inarudi. Kuzitumia mfululizo kunavuruga chumvi za mwili na kuzoesha utumbo kusubiri dawa.

Kiporo. Wali wa jana unaokaangwa upya asubuhi ni mlo wa nne ambao hakuna aliyeuandika.

Ramadhani inastahili neno lake. Kufunga kwenyewe hakupunguzi mwili ikiwa futari ni sambusa, bajia, kaimati na viazi vya nazi kwa pamoja, kisha wali usiku, kisha daku. Chagua kitu kimoja cha kukaanga na kimoja kitamu kwa kila jioni, vingine vizunguke kwa zamu. Fungua kwa tende na maji, kunywa uji, swali, ndipo ule. Matembezi yahamie baada ya tarawehe, mji ukiwa bado macho. Na kama unaanza leo na mwezi mtukufu uko karibu, shughulika na sukari ya chai peke yake, ukiacha mengine kwa Mfunguo Mosi. Usijipime asubuhi ya Idi. Ngoja Ijumaa ya pili, usingizi na chumvi vikishatulia. Ukikuta mizani iko palepale ilipokuwa Shaabani, mwezi umekwenda vizuri, rudi kwenye ile nusu kijiko ulipoiachia.